Naonja Tu

Bi Zuwena, mpishi wa shughuli zote za mtaani, aliingia akiwa amejiandaa kugombezwa. Daktari alishamwambia sukari imepanda, akamtuma kwa mtaalamu wa lishe, binti aitwaye Tabitha.

“Mama, kwa siku unakula mara ngapi?”

“Mimi sili, mwanangu. Naonja tu.”

“Hebu nionyeshe unavyoonja.”

Bi Zuwena akacheka, akainua mkono kana kwamba ameshika upawa. Akaonja mchuzi, akaonja wali, akamega sambusa, akaramba shira ya kaimati, akarudi kwenye mchuzi. Alipofika kwenye nyama, mkono ukasita hewani na kicheko kikamkauka.

“Kumbe nashinda nakula,” akasema taratibu. “Na bado narudi nyumbani na njaa.”

Tabitha hakumgombeza. “Leo sikukatazi kitu, mama. Tuanze na moja: ukiwa kazini, jipakulie sahani yako, ukae, ule. Kuonja mwachie mwenzio. Kisha urudi, tuendelee pamoja.”

Jumamosi palikuwa na harusi. Masufuria yakitokota, Bi Zuwena alijipakulia kunde, mchicha na wali kidogo, akaketi mkekani. Wapishi wenzake wakatazamana.

“Wifi, njoo uangalie chumvi!” akaita Mwajabu, mke wa kaka yake, aliyesimama kwenye mchuzi.

Hakuna sufuria lililowahi kuepuliwa bila ulimi wake.

“Onja wewe,” akasema, akanawa mikono.

Mwajabu akachota mchuzi, akaupuliza, na wanawake wote wakageuka kumtazama yeye, huku Bi Zuwena akimega tonge lake la kwanza.