Ukanda wa Mita Sita

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, 2025, saa nane mchana. Kasiani alishuka treni kituo cha Spånga, kule Uswidi, akitoka kazini, akatembea hadi shambani, akakuta limepaliliwa.

Limepaliliwa hasa. Ukanda wote wa pembeni, upana mita sita, urefu mita ishirini, ulikuwa udongo mtupu, umelazwa kama mkeka. Kando yake kina mama saba wa jumuiya wamekaa, majembe yamelala, wanakula pilau kwenye sahani za karatasi.

"Shemeji, tumekusitiri," alisema Leokadia, mdogo wa marehemu mkewe. "Watu wanapita hapa wanaona magugu yamefika kiunoni. Wanasema tangu Veneranda afariki, mgane wake kalala."

"Hayakuwa magugu."

"Yalikuwa nini?"

"Yalikuwa sheria."

Kina mama waliacha kutafuna.

"Mchicha tumekuachia lakini," akasema mmoja, akionyesha mashina matano yaliyobaki.

Ndipo Kasiani akaeleza, kwa aibu, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mwenye shamba, mzee mmoja wa Kiswidi, hulipwa na serikali kwa kuwaachia nyuki na ndege ukanda wa maua ya porini. Yawe aina tano au zaidi. Usipalilie, usikate, usipulizie dawa mpaka Agosti. Kipande alichokodi Kasiani ndicho kilichobeba ukanda huo, na makubaliano yalikuwa mafupi: ukanda ukifeli, kipande kinarudi kwa mwenyewe. Kipande hicho alikianzisha Veneranda. Maharage yaliyokuwa yakichanua pale yalitoka kwenye mbegu alizoziweka yeye mwenyewe, kwenye chupa ya kahawa.

"Na mkaguzi anakuja Jumanne," alimalizia.

Leokadia alishika kichwa. "Sasa kosa ni letu."

"Si lenu, ni la wakubwa wa kilimo serikalini. Mtu mzima unaamriwa ulime magugu, tena yapimwe kwa mita. Hata kibao hawaweki."

Wakubwa hao Kasiani aliwajua. Darasa la nne alilosoma lilimfikisha kwenye ndoo na ufagio katika jengo lao kule Kista. Alifuta meza zao. Mwezi Mei alipanda hadi juu ya paa kuokota vikombe vyao, walikozindua sijui nini kwa keki na hotuba. Mwaka wa tisa huo, na hakuna aliyejua jina lake.

Jumapili baada ya misa, Leokadia alimfuata kumwomba radhi tena. Akamkuta amevaa sare ya kazi, jembe dogo mkononi, mifuko mikubwa begani.

"Kazini Jumapili?"

"Naenda kuomba msaada."

Akamwona anaingia geti la makaburi, kama kila Jumapili. Kaburi la Veneranda lilijulikana. Hakuna lililokuwa na maua kama lile.

Alasiri mifuko ilifika shambani imejaa maua na mizizi yake. Ya zambarau, ya njano, meupe yenye madoa.

"Shemeji," Leokadia alisema polepole, "usiniambie umeng'oa kwa dada."

"Nimeongea na Veneranda. Hana neno. Shika ndoo."

Mara tatu Kasiani aliondoka, mara tatu akarudi na mifuko imejaa.

"Kaburi moja lina maua yote haya?"

"Ana majirani wakarimu."

Leokadia alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye matope, akaendelea kupanda. Juni kule jua halina haraka ya kuzama. Kwenye kila mzizi alikuta vijiwe vyekundu, vyepesi kama maganda ya karanga, na kila alipovikung'uta alijifuta machozi kwa kiwiko.

Jumanne mkaguzi alikuja, binti wa Kiswidi mwenye buti na kompyuta ya mkononi. Alipima upana. Alipiga magoti, akahesabu aina kumi na moja. Nyuki mmoja akatua mbele yake kana kwamba ameajiriwa.

"Mazuri," alisema. "Ni kama nimewahi kuyaona mahali."

"Maua yanafanana," alisema Kasiani.

"Na hii?" Aligusa mchicha.

"Hiyo tunakula."

Akaandika hata hiyo.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Kasiani alimpelekea Leokadia, maana Kiswidi cha maandishi kilikuwa kinampiga chenga. Leokadia alisoma, sauti ikishuka kila mstari.

"Wanasema ukanda umefeli. Wanasema haya ni maua ya urembo, wadudu wa hapa hawafaidi kitu, na mtu yeyote anayeelewa kilimo hata kidogo asingeyapanda. Mchicha tu ndio wameusifu."

Kasiani alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Unacheka nini? Shamba la dada linaondoka."

"Nani ametia saini?"

Leokadia akataja jina. Kasiani akacheka upya.

"Kuna nafasi ya kupinga," Leokadia alisema kwa ukali. "Unajieleza kabla ya mwisho wa mwezi, na lazima ujibu swali moja: maua haya uliyapata wapi?"

Kasiani akaacha kucheka. Aliyetia saini ndiye yule yule aliyewapanga wasafishaji wote juu ya paa kule Kista, siku moja kabla ya ukaguzi, mbele ya bustani ya mfano aliyoizindua Mei ili wakulima wajifunze kupanda. Palibaki vijiwe vyekundu vitupu, naye akapita akimtazama kila mmoja usoni, akiuliza: "Maua yangu yamekwenda wapi?"