Samosa za Celina

Kitabu cha Ndambiri kilikuwa kimekosa kurasa za mwisho, na Tibor alikuwa bado amesimama kwenye theluji akigonga mlango wa Ilona, baada ya kupotea miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa riwaya ya Hungaria. Ndambiri alikuwa mkulima wa kahawa pale Karurumo, Embu. Aliacha shule darasa la sita, lakini padri mmoja aliporudi kwao Ulaya alimwachia katoni nzima ya riwaya. Za Norwe na Ureno alikuwa amezimaliza, kamusi pajani. Wenzake walioa. Yeye alisema mke atamzimia taa kabla sura haijaisha.

"Hizo kurasa nilimpa Celina wa kibanda afungie samosa," alisema mama yake, Wambeti, akichambua maharagwe. "Zilikuwa zinaning'inia."

"Mama, hata hujui nimefika wapi."

"Najua. Umefika miaka arobaini na mitatu."

Ndambiri alitoka mbio. Celina alikuwa mwanamke wa Kianjai, huko Meru, aliyekuja kufungua kibanda karibu na kiwanda cha kahawa. Hakuwa na mume wala haraka.

"Karatasi zote ziko kwa hilo gunia, zimechanganyika na magazeti," alisema. "Mimi vitabu sivisomi. Nunua samosa, Profesa. Labda utabahatika."

Alinunua mbili. Zilikuja zimefungwa kwa ukurasa uleule aliokuwa akiutafuta. Aliusoma amesimama, mafuta yakimwingia Ilona usoni. Kesho yake alirudi, akapata ukurasa uliofuata. Keshokutwa, uliofuata huo.

"Mbona mimi unanifungia habari za mpira?" aliuliza Njeru, mpima kahawa wa kiwandani.

"Kila mgonjwa na dawa yake," Celina alijibu.

Ndambiri hakusikia. Alikuwa anasoma.

Kahawa ilipoanza kuiva, suruali yake ilikuwa haifungiki kifungo. Alikuwa pia ameanza kukaa kwenye benchi la Celina hata samosa zikiisha, wakibishana.

"Ilona amfungulie au asimfungulie?" aliuliza siku moja.

"Mwanamume anapotea miaka kumi na mmoja halafu anabisha hodi? Ningemwacha apigwe na baridi kidogo," alisema Celina, akigeuza samosa kwenye karai. "Kidogo tu."

Ndambiri alicheka, akaomba nyingine.

Kisha siku moja samosa zikaja zimefungwa kwa gazeti.

"Ziliisha?"

"Umebaki ukurasa mmoja. Niliufungia chapati za baba nilipoenda nyumbani. Hatupi karatasi, yule mzee."

"Nitaufuata Jumamosi."

"Basi nitakutangulia. Lakini usiende mikono mitupu, watanicheka. Pale sokoni Kianjai mwambie muuza miraa akufungie kibunda cha wazee, kwa majani ya mgomba. Mpe baba kwa mikono miwili."

Ndambiri, kama mtu yeyote wa Embu, alijua muguka, ule wa kutafuna majani. Mambo ya miraa ya vijiti aliwaachia Wameru.

Jumamosi, sokoni Kianjai, muuzaji alimtazama viatu, akamtazama uso, akatabasamu. Alichagua vijiti kimoja kimoja, akakifunga kibunda vizuri kama mtoto wa kubatizwa.

Nyumbani kwa kina Celina alikuta wazee watano wameketi, wamevaa makoti. Alifikiri ni mkutano wa ushirika. Alimpa baba kibunda kwa mikono miwili. Mzee akakifungua polepole, akampa kila mmoja kijiti. Wakatafuna.

"Tumepokea," alisema mzee hatimaye. "Na tumekubali."

"Asante, mzee. Sasa, ule ukurasa?"

Wazee wakatazamana.

"Kijana," alisema mzee, "huku Meru mtu haleti kibunda hiki kwa ajili ya karatasi. Hukileta kwa ajili ya binti."

Celina akatoka jikoni, ukurasa mkononi. Nyuma yake akatoka Wambeti, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akiwasalimu wazee mmoja mmoja kama watu anaowajua.

Ndambiri akaona bora kwanza asome. Tibor aligonga tena. Ndani, Ilona aliweka mkono kwenye komeo. Theluji iliendelea kuanguka. Kitabu kikaishia hapo.

Ukurasa huo ulimgharimu mtamba mmoja wa ng'ombe, fahali mmoja, kondoo jike, kondoo dume, na mtungi wa asali.