Zamu ya Masalu

Gari la afya lilikuwa limeshawashwa, Masalu kafungwa mkanda ndani. Choo cha nyumbani, ambacho sheria inakitaka kipime mkojo wa kila mtu kwa zamu, kilitangaza kwamba mkojo wake una protini ya saratani ya uboho, ile inayolegeza mifupa.

Mkewe, Ng'walu, akainama dirishani, mkono kiunoni. Kiuno kilimuuma tangu palizi.

“Baba Shija, mkojo ule si ni wangu? Si ulisema huwezi kukojoa bakuli likikusikiliza?”

“Nyamaza, Mama Shija. Wanaodanganya choo hunyang'anywa nyumba. Nitarudi.”

Ng'walu akatoka dirishani, gari likaondoka.

Hospitali ilimchoma Masalu sindano ya nyonga, ikakuta uboho safi. Basi ikaandikwa kwamba choo kimekosea, na nyumba nzima ikasamehewa kupimwa mwaka mmoja.

Ng'walu alivunjika mbavu kwa kupiga chafya, akafa kabla ya masika. Shija alihama. Masalu siku hizi hukojoa mwenyewe, na choo hakijamwona na kosa.