Nyuma ya Alama ya Mwisho

Vishindo vilianza tena Bron Pascoe alipozipita nguzo za goli, na safari hii hakuthubutu kugeuka.

Ukungu wa alfajiri ulikuwa umemeza uwanja mzima wa Kurrabin. Na huko nyuma yake, pa, pa, pa, njumu zinachana nyasi zenye umande. Mtu anamkimbiza. Bron akachomoka mpaka kifua kikawaka moto, akamfikia kocha wake, Mjomba Merv.

Merv akaiangalia saa yake, akauangalia ukungu, akanywa chai. "Tangu uzaliwe hujakimbia hivi," akasema. "Umeona nyoka?"

Bron akamwambia ni Tamsin.

Merv, anayecheka hata misibani, hakucheka. Tamsin alikuwa dada yake Bron, na walimzika kiangazi kilichopita, baada ya gari lake kumgonga kangaruu akitoka mashindanoni. Alipokuwa hai, iwe mbio fupi, iwe kuruka viunzi, hakuna msichana aliyemgusa. Na hilo ndilo lililomponza. Mbio za Pasaka za Kurrabin zina mambo yake: hodari anarudishwa nyuma, wazito wanasogezwa mbele, ili wote wafike wanabanana. Kila mwaka Tamsin alianzia alama ya mwisho kabisa, na kila mwaka mshipi wa bluu wa mshindi ukavaliwa na mwingine. Bron alikuwa anaanzia mbele yake kidogo, na tuseme ukweli, mbio zake zilitoka pale tu aliposikia dada yake anamjia.

Sasa alama ya mwisho kapewa yeye, na nyuma ya alama hiyo hasimami mtu. Alishamwambia mama yao kwamba mwaka huu hakimbii. Mama, Glenys, ambaye tangu msiba alikuwa hatoki ndani ila kulisha kuku, alimjibu neno moja tu: anautaka ule mshipi, akauweke kaburini kwa Tamsin.

Asubuhi iliyofuata ndipo vishindo vikaanza.

Jumapili ya Pasaka, kesho yake ndiyo mbio, Bron akaingia chumba cha kufulia kutafuta soksi. Juu ya mashine akakuta viatu vya njumu vya Tamsin. Vimelowa. Nyasi mbichi zimenasa kwenye meno yake. Na pembeni, kwenye kiti, mama yake kajifunga barafu gotini, uso umemwiva kama nyanya.

Bron akaviangalia viatu, akaliangalia goti. "Mama. Ni wewe?"

"Wewe si hukimbii mpaka ukimbizwe," Glenys akasema. "Ningefanyaje? Na usimwambie mjomba wako, atataka kunisajili."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, halafu machozi yakakataa kukoma. Mama akamwambia basi tena, goti limegoma, kesho atakimbia peke yake. Bron akalala fofofo, mara ya kwanza tangu kiangazi.

Jumatatu uwanja ulifurika. Soseji zinanukia, mbwa wanabweka, Merv anamtania kila mtu. Bron akapiga goti kwenye alama ya mwisho. Mbele yake, migongo ya wasichana. Nyuma yake, uzio na kunguru.

Bastola ikalia.

Mwanzoni palikuwa kimya, kimya kibaya, miguu ikawa kama ya kuazima, na wasichana wale wanakwenda zao. Mshipi ndio huo unaondoka.

Halafu, pa, pa, pa.

Karibu kuliko siku zote. Bron alitaka kucheka. Mama huyu hana aibu jamani, mbele ya mji mzima, na goti lile! Akaachia mbio zote alizonazo. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akawapita wote, na pumzi ya anayemfuata inamgusa shingoni.

Akainua macho autafute utepe wa kumalizia.

Mama yake alikuwa amesimama pale kwenye utepe, kaegemea mkongojo, viatu vya Tamsin vinaning'inia shingoni mwake. Alikuwa anatabasamu. Ila hakuwa anamtazama Bron. Alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.