Ndoo Iliyorukwa

Pale kisimani zilizopanga foleni ni ndoo, si watu. Lakini foleni ikisogea, usogeze yako, ukizubaa, unarukwa.

Sikitu alizubaa. Alikuwa ameinamia daftari akiandika hadithi ya ukame, na siku hiyo maneno yalimjia yenyewe.

Mama yake alipofika na mtoto mgonjwa mgongoni, kamba ilikuwa inapandisha tope tupu.

“We Sikitu, ndoo yetu umeisogeza?”

“Nilikuwa namalizia, mama.”

“Mwandishi huyo, shoga!” mwanamke mmoja alicheka, akijitwika ndoo yake iliyojaa. “Atamnywesha mdogo wake wino.”

Mama alimpokonya daftari alichane. Macho yakaangukia mstari mmoja: Mtoto alilia bila machozi, mama akajifanya amelala.

“Nani kakwambia haya?”

“Nilikuona jana.”

Mama alimfungua mtoto mgongoni, mwepesi kama kanga iliyomfunga, akamweka mikononi mwa Sikitu.

“Huyu mshike. Usimwandike.”

Kisha akaitundika ndoo yao tupu begani, akakaa kwenye ukingo wa kisima, akageuka, akaanza kushuka gizani, akipapasa kwa vidole vya miguu mahali pa kukanyaga.