Tisini na Nne

Mgonjwa wa tatu alikuwa ameshakimbizwa hospitali ndipo fundi mitandao akagundua wadukuzi wanapitia wapi. Walikuwa wameingia kwenye lango, ule ukurasa wa intaneti ambao wauguzi huutumia kuongeza na kupunguza oksijeni kwenye mashine za wagonjwa walioko majumbani. Wao walikuwa wanapunguza tu, mashine moja baada ya nyingine, kwa mpangilio.

Mashine zilikuwa mia mbili na kumi. Ya mia moja na nane ilikuwa ya mama yake, nao walikuwa wamefika ya tisini na sita.

Alibadilisha manenosiri, wakaingia. Akazuia anwani zao moja moja, wakaja na nyingine hamsini. Kuchota maji kwa pakacha, jamani. Mwishowe akafanya jambo ambalo mkuu wake alikuwa amemkataza tangu asubuhi: akalifunga lango lote. Hakuna kuingia, hakuna kutoka.

Kukatulia. Akaivuta karibu skrini ya wauguzi, ambayo haikuwa kazi yake hata siku moja. Yeye ni mtu wa malango, si wa wagonjwa. Akamtafuta mama. Oksijeni mwilini: asilimia tisini na nne, kwa rangi ya kijani.

Mkuu akapiga simu kumwambia kwamba amejifukuzisha kazi. Fundi akasema sawa. Kazi hutafutwa, mama ni mmoja.

Kisha dada yake mkubwa akapiga simu kutoka nyumbani kwa mama.

"Mdogo wangu, mama amechoka sana leo. Anaongea nusu nusu."

"Namwona hapa, dada. Tisini na nne. Hata mimi sijui kama nazifikisha."

"Nimwite jirani tumpeleke hospitali?"

"Umesahau mara ile? Dakika kumi tu bila mashine, nusura tumpoteze. Mwache apumzike."

Dada akacheka kidogo. "Haya, wewe ndiye msomi."

Saa sita dada akapiga tena. Kucha za mama zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Fundi akaisoma namba mara mbili, kidole kikiwa juu ya kioo. Tisini na nne. Haijapanda, haijashuka. Moyo wake ukatulia kabisa, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ni baridi hiyo," akasema. "Mwongeze blanketi. Nipo naye hapa, sibanduki."

Na kweli hakubanduka. Chakula cha mchana kilimpita, hata msalani hakwenda.

Saa saba na nusu akaingia mwenzake wa zamu ya mchana, mtu wa utani mwingi, akabwaga begi lake kwenye kiti.

"Bingwa! Nasikia leo wadukuzi wamekukoma."

Akainama kuitazama skrini. Akaitazama kwa muda.

"Lango ulilifunga saa ngapi?"

"Saa nne na robo. Tangu hapo hakijapita kitu."

"Hata taarifa za mashine zenyewe?"

Fundi akaigeukia skrini.

"Basi hizi namba," mwenzake akasema polepole, "ni za saa nne na robo. Na hapo walikuwa wameshapunguza hadi mashine ya mia moja na kumi."

Simu ya fundi ikaita. Safari hii dada hakuuliza chochote.