Farasi wa Gavana

Tangu juzi Bi Mashavu alikuwa ameanika betri za redio juani, zisije zikamzimikia leo. Kila mwaka, tarehe hii, husikiliza kipindi cha Siku Kama ya Leo akingoja jina la mwanawe, aliyeuawa kwa risasi za askari kwenye maandamano ya uwanjani.

Mtangazaji alikohoa kama mtu mwenye cheo. Siku kama ya leo, akasema, alizaliwa mfalme mmoja wa mbali, aliyekuwa akila kuku sita kwa mlo mmoja. Siku kama ya leo lilizinduliwa jengo la posta. Kisha akashusha sauti, nusura alie:

"Na siku kama ya leo, katika vurugu za uwanjani, alifariki farasi wa Gavana, aliyependwa na wengi."

Ukapigwa muziki.

"Labda mwakani, dada," alisema Kombo, jirani aliyekuja kusikiliza naye, akiogopa kumtazama.

"Mwakani watamtaja punda wake."

Akachomoa betri, bado zina joto la jua, akazitupa jalalani. Akarudi kusimama mlangoni, akabana pua kama yule mtangazaji, akapaza sauti mtaa mzima umsikie:

"Siku kama ya leo aliuawa Shaame, mwanangu, fundi baiskeli. Hakupendwa na wengi. Nilimpenda mimi."

Nyumba ya pili, redio ikazimwa. Nyumba ya tatu, ikaongezwa sauti.